Ngatia Apima Kuni za Mama Yake

Ngatia wa Mutahi hakuchagua kusoma nishati kwa sababu aliipenda. Aliichagua kwa sababu darasa lenyewe lilikuwa Jumatano saa nne, na saa nne ni saa nzuri kwa kijana ambaye usingizi humng'ang'ania kama kupe. Alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya biashara katika chuo kimoja pale Nyeri mjini, amebakiza somo moja tu la hiari ili ahitimu. Aliyemwonyesha njia ni Moffat, waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja hosteli.

"Chukua Utangulizi wa Nishati," Moffat alimwambia, amelala chali, miguu ukutani. "Hiyo ni mteremko, komredi. Wataongea mambo ya stima na makaa, wewe unaandika tutunze mazingira, unapewa B unaenda."

"Na kama kuna hesabu?"

"Hesabu gani? Hiyo ni ya utangulizi!"

Kijana akaamini. Mtu akisikia neno "utangulizi" hudhani ataonyeshwa mlango tu, hataingizwa ndani.

Mwalimu alikuwa Daktari Alpa, binti wa Thakorbhai yule wa duka la misumari, mabati na mizani. Wanafunzi hawakujua hayo siku ya kwanza. Walimwona Mhindi mwembamba mwenye miwani, wakadhani ameletwa na ndege juzi, na safu ya nyuma ikaanza kumteta kwa Kikuyu, viatu vyake kwanza. Daktari Alpa aliwaacha wamalize viatu. Walipofika kwenye nywele akawajibu kwa Kikuyu, tena kile cha wanawake wanaouza viazi Karatina, kisichoacha mfupa. Safu ya nyuma ikahamia mbele bila kuambiwa.

"Sasa," akasema, "nani hapa ana nguvu?"

Ngatia akasimama. Si alikuwa akicheza raga? Si shingo yake ilikuwa imeanza kupotelea mabegani? Daktari akamtoa nje na darasa zima, akamwambia apande ngazi za ghorofa moja mbio, huku msichana mmoja akimpimia saa kwa simu. Ngatia alipanda kama anayefukuzwa na nyati wa Aberdare. Sekunde sita! Komredi wenzake wakapiga makofi. Daktari akaandika ubaoni: kilo sabini na tano, mita nne, sekunde sita. Akapiga hesabu.

"Wati mia tano," akasema. "Mmeona? Ile koili mnayoficha chini ya kitanda hosteli, ya kuchemshia maji, ni wati elfu moja. Ngatia mzima, pamoja na misuli yake, ni nusu ya koili. Na koili haichoki."

Tangu siku hiyo jina likawa Nusu Koili. Kila alipoingia kantini, lazima mtu aliuliza kama maji yameshaanza kupata joto.

Jina si kitu, mtu hazikwi nalo. Ubaya ulikuwa kwenye alama. Somo lilikuwa na jaribio la alama thelathini na ripoti ya alama sabini. Kwenye jaribio Ngatia alipata nane. Kupita ni arobaini. Hata sisi tulioishia darasa la saba hesabu hiyo twaiweza bila kikokotoo: alihitaji thelathini na mbili kwenye ripoti, la sivyo jina lake lisingeingia kwenye orodha ya mahafali ya mwaka huu. Na kule kwao, juu ya Karatina ambako mashamba ya chai hukaribia kugusa msitu wa mlima, mama yake Murugi alikuwa ameshasimama kanisani akatangaza. Hema lilikuwa limeitishwa. Kina mama wa chama walikuwa wameshashona vitenge vya sare. Kulikuwa na kondoo dume aliyekuwa akinoneshwa nyuma ya nyumba, na Mutahi, babake Ngatia, mtu asiyependa maneno mengi, alikuwa amempa jina la Digrii.

Ripoti yenyewe ilikuwa hivi: nenda kwenye nyumba unayoijua, pima nishati inayotumika kwa siku saba, kuni, gesi, stima, kila kitu. Pima chai inachemka kwa muda gani. Kisha eleza.

"Msinipikie data," Daktari Alpa alionya. "Nataka picha ya mizani kila siku. Na nyumba tatu zitakazonitia shaka nitazitembelea mimi mwenyewe. Nikikuta uongo, sifuri. Hakuna rufaa."

Mizani ya ndoano ilipatikana wapi? Kwa Thakorbhai. Wanafunzi mia moja na hamsini walipanga foleni dukani, na mzee akawahudumia mmoja mmoja bila kutabasamu. Wenye midomo walisema ndiyo maana somo lilianzishwa. Lakini hao ni watu wabaya, tuwaache.

Moffat hakwenda popote. Aliazima kuni tatu jikoni hosteli, akazining'iniza mlangoni, akazipiga picha saba akibadilisha shati. Nyumba aliyodai kuipima ilikuwa ya nyanyake wa Naro Moru, marehemu, apumzike kwa amani, aliyeacha kupika miaka mitatu iliyopita. Ngatia naye alitamani kufanya vivyo hivyo. Ila aliogopa. Alijua kwamba katika wanafunzi mia na hamsini, wa kushikwa atakuwa yeye, kwa kuwa mwalimu alishamfahamu kwa wati. Akabeba mizani yake akaenda nyumbani.

Murugi alifurahi mno. Mwanawe huyu yeye humwita "baba", kwa kuwa jina Ngatia ni la baba mzazi wa Murugi mwenyewe, na mtu aliyerudi na jina la babako humnyimi kitu.

"Baba, umekuja na mizani ya nini?"

"Nimetumwa na chuo, mama. Napima kuni zetu. Ndiyo mtihani."

"Wanakupima kwa kuni?"

"Ee. Nikimaliza hii nimehitimu."

Murugi aliitazama ile mizani kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayefanana na mwizi fulani.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Asubuhi Ngatia apime mzigo wa kuni za siku nzima. Jioni apime zilizobaki. Tofauti ndiyo iliyotumika. Gesi haikuhitaji kupimwa. Mtungi wa kilo sita ulikuwa sebuleni, umevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi arusi, na hauwashwi mpaka aje mgeni wa heshima. Stima iliwasha taa mbili na redio ya Mutahi. Kwa hiyo maneno yote yalikuwa ya kuni.

Siku ya kwanza ikatoka kilo kumi na moja. Ngatia akaandika.

"Ngapi?" mama akauliza.

"Kumi na moja."

"Kumi na moja tu? Na hao wenzako wamepata ngapi?"

"Sijui, mama. Kila mtu na nyumba yake."

"Wangui wa hapo chini ana mtoto chuoni. Yeye kama amepata ishirini?"

"Mama, si mashindano."

Murugi akaitazama tena ile mizani. Ngatia angekuwa mtoto wa kuangalia, angeliogopa jicho hilo. Lakini alikuwa amechoka kwa kupima, akaenda kulala, akaamka saa tatu. Kwani afanye nini mapema? Alipotoka alikuta mzigo wa kuni umeshafungwa kwa kamba, umewekwa barazani unamngoja, kama mwanafunzi aliyechana nywele. Akauning'iniza, akapiga picha. Jioni, tofauti ilikuwa kilo kumi na saba.

Siku ya tatu, ishirini na moja. Ya nne, ishirini na nne. Moshi ukazidi mpaka kuku wakahama jikoni. Mutahi, ambaye kwa kawaida hunywa chai yake saa moja asubuhi, sasa aliipata saa nne unusu, ya vuguvugu, yenye harufu ya kiwanda cha ngozi.

"Murugi," alisema siku ya tano, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu Jumapili, "hii chai imepikiwa wapi?"

"Kunywa. Mtoto anafanya mtihani."

Ngatia alisimama na saa yake: sufuria ya lita tano, dakika hamsini na tano, kilo nne za kuni. Hakujiuliza. Alichukua kalamu akaandika maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa ya kupendeza: kwamba katika sehemu za juu, karibu na Mlima Kenya, baridi ya barafu hushuka na kuyapinga maji yasichemke, hivyo wakazi hulazimika kutumia nishati nyingi kuliko watu wa nchi tambarare. Akapigia mstari neno "kuyapinga". Akaona sasa yeye ni mtaalamu.

Wiki mbili baadaye akaitwa ofisini. Daktari Alpa alikuwa na ripoti mbili mezani. Ya juu ilikuwa ya Moffat, imeandikwa hamsini na nane kwa wino mwekundu. Ya chini haikuwa na alama.

"Ngatia, nyumba yenu ina watu wangapi?"

"Wawili, daktari. Watatu nikiwa nyumbani."

"Na mnapikia nani? Gereza?"

"Hapana, daktari."

"Kilo ishirini na nne kwa siku. Kilo nne kuchemsha sufuria moja. Unajua hiyo ni ufanisi wa ngapi? Asilimia mbili na nusu. Ngatia, hata ungewasha moto Karatina na kuweka sufuria Nyeri ungepata asilimia mbili."

"Ni ile baridi ya mlima, daktari. Niliieleza."

"Niliona ulivyoieleza. Huku juu maji huchemka mapema, kijana, si kuchelewa. Nilifundisha Jumatano ya tatu. Ulikuwa wapi?"

Ngatia alikuwa darasani. Mwili wake ulikuwa.

"Hizi namba umezipika."

"Haki ya Mungu, daktari, nimezipima! Zote! Niko na picha!"

Na hapo ndipo ilipomuuma. Moffat alikaa hosteli akabuni, akapata hamsini na nane. Yeye alibeba mizani mpaka nyumbani, akaandika anachokiona, na yeye ndiye mwongo. Machozi yalimlenga, na mtu wa raga halii, hivyo akaangalia kalenda ya ukutani kwa bidii.

Daktari Alpa akamtazama. "Jumamosi nakuja kwenu," akasema. "Orodha ya mahafali inafungwa Jumatatu. Tukikuta kuni zinasema ukweli, nitakupa alama. Zikikukana, sifuri, na tutaonana mwaka ujao."

Jumamosi saa nne gari dogo jeupe likaingia uani kwa Mutahi. Murugi alikuwa amevaa sare ya chama, ile ya mahafali, akiijaribu mwilini. Mtungi wa gesi ulikuwa umevuliwa kitambaa na kuwashwa. Juu yake sufuria ilikuwa ikicheka.

"Karibu, mwalimu! Karibu chai!"

Daktari akamsalimia kwa Kikuyu, Murugi akashtuka, akafurahi, akamshika mikono yote miwili. Walipomaliza kuulizana habari za mvua, mgeni akasema, "Mama, asante. Lakini chai ya gesi sikuifuata. Nimekuja kuona jiko la kuni."

"Kule ni moshi, mwalimu. Utachafuka."

"Nichafuke."

Wakaenda nyuma. Jiko la mawe matatu lilikuwa limefagiliwa, baridi, safi kama kaburi la mzungu.

"Zile kuni alizopima ziko wapi?" Daktari akauliza. "Nataka zilezile."

Murugi akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama chini. Mama akaona labda mtihani bado haujaisha, mwalimu amekuja kuongeza alama. Akapata nguvu. Akazunguka nyuma ya jiko, kwenye pipa la maji ya mvua, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa kuni. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Blugamu nene, iliyopasuliwa vizuri, inachuruzika kama nguo iliyofuliwa.

"Hizi nimeziweka tangu jana," akasema kwa fahari. "Ziko nzito, mwalimu. Pima tu."

Kuku mmoja akapita, akaona si mahali pake, akarudi.

"Mama," Ngatia akasema kwa sauti ya mtu anayezama, "umekuwa ukiloweka kuni?"

"Kwani ulitaka upate kumi na moja? Kumi na moja, baba! Mtu wa nyumba hii!"

"Ni ya nini lakini?"

Murugi akaacha kumjibu mtoto. Alimgeukia mwalimu, mtu mzima mwenzake, akafuta mkono kwenye kitenge.

"Mwalimu, mimi nimechuma majani chai miaka ishirini na sita. Kila siku napeleka senta ya kununulia chai, naning'iniza kikapu, karani anasoma. Na sijawahi kuona mizani isiyokula. Nikitoka nyumbani na kumi na mbili, pale inakuwa kumi na moja. Basi sisi wanawake tukajifunza. Tunachuma na umande. Jua likiwa kali tunanyunyiza kidogo. Si wizi. Ni kurudisha kilichoibwa. Sasa huyu mtoto amekuja na mizani, anasema ndiyo wanampimia nayo ili ahitimu. Mimi nimwache apimwe mkavu?"

Daktari Alpa alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alikuwa amekulia nyuma ya kaunta ya duka la mizani, akiwaona kina mama wakiingia, kugonga mizani mpya kwa kidole na kuuliza kama hii nayo inakula. Babake alikuwa akiapa kwamba haili. Hakuna aliyewahi kumwamini.

"Na ulikuwa unaziwasha vipi hivi zilivyo?" akauliza.

"Kwa magunzi ya mahindi, mwalimu. Makavu. Kikapu kizima. Hayo hakuuliza, sikumwambia."

Mwalimu akamgeukia Ngatia, na sasa hakukuwa na kicheko. "Umelelewa na jiko hili miaka ishirini na mbili. Umepima hizi kuni siku saba. Hukusikia mkono ukilowa?"

"Zilikuwa zimefungwa na kamba, daktari. Nilishika kamba."

"Ulishika kamba," Daktari akarudia polepole, kama anayeandika. "Basi uongo si wako. Uvivu ndio wako. Sasa sikiliza. Kuni kavu, pima. Sufuria ileile, lita tano. Washa moto mwenyewe, uchemshe, kisha unieleze wiki ile ulikuwa unapima nini. Ukieleza, nasahihisha upya. Na mama, tafadhali, usimsaidie."

Kumwambia mama wa Kikuyu asimame jikoni mwake asiguse kitu ni kama kumfunga mbwa mbele ya bucha. Murugi alikaa juu ya mikono yake.

Ngatia aliwasha kiberiti. Kikazima. Akawasha cha pili, cha tano, cha tisa. Alipanga kuni kama anajenga boma, bila nafasi ya hewa. Akapuliza kwa mapafu ya raga, jivu lote likamrudia usoni, akawa mweupe kama mtahiriwa wa zamani aliyepakwa chokaa.

"Baba, kuni nyembamba chini..." Murugi aliponyokwa.

"Mama!" mwalimu akamkanya.

"Sijasema kitu. Nilikuwa nakohoa."

Mutahi alitokea mlangoni, akasimama, akatazama mwanawe aliyesoma miaka kumi na sita akishindwa na jiko, akatikisa kichwa, akaenda kuvuta kigoda. Hakutaka kukosa.

Mwishowe Ngatia akabomoa boma lake. Akakumbuka kitu, si kutoka Jumatano yoyote, ila kutoka utotoni: alivyomwona mama akiziweka mbili zikiangaliana, ya tatu ikilala juu, na pumzi ndogo ndogo tu. Akafanya hivyo. Moto ukashika. Dakika ishirini na mbili, lita tano zikaruka. Akavuta kuni nje, akazima, akapima zilizobaki. Zilizotumika zilikuwa kilo moja na robo.

Akatazama namba ile. Akatazama pipa. Kamasi na masizi vilikuwa vimechora ramani usoni.

"Kwa hiyo," Daktari akasema, "wiki ile ule moto wote ulikuwa unafanya kazi gani?"

Ngatia hakukimbilia barafu wala mlima. Alifikiri, na ilionekana wazi kwamba hakulizoea zoezi hilo.

"Ulikuwa unakausha kuni, daktari. Maji yaliyokuwa ndani ya kuni ndiyo yalikuwa yakichemka kwanza, yanaondoka na moshi. Sufuria ilikuwa inapata makombo. Mama alikuwa analowesha usiku, moto unakausha mchana, na mimi niko katikati naandika."

"Na ufanisi sasa?"

Akahesabu kwa kijiti kwenye jivu, akafuta mara mbili. "Asilimia nane."

"Nane ya kweli," Daktari Alpa akasema. Akatoa ripoti kwenye mkoba, akakata kwa mstari ukurasa wote wa baridi ya mlima, akaandika kwenye jalada: thelathini na tatu. Na nane za jaribio, arobaini na moja. Ngatia alikuwa amepita kwa alama moja.

Akakaa chini palepale, kwenye jivu.

"Moja tu?" Murugi akauliza. "Mwalimu, huwezi kuongeza kidogo? Mtoto amelia na moshi hivi!"

"Mama, nikiongeza itakuwa maji."

Mgeni alikunywa vikombe viwili vya chai ya kuni, akakataa cha tatu, akafungiwa cha tatu kwenye chupa. Gari halijamaliza kona Murugi alikuwa ameshafika kwenye ua wa Wangui, sare na yote, akimwita ajue habari. Ya kwamba watoto wa watu wengine chuoni hupimwa kwa karatasi tu, wakiwa wamekaa kivulini. Wake amefuatwa mpaka nyumbani na daktari mzima, akapimwa kwa moto, mchana, babake akiwa shahidi. Na akapita.

"Kwa ngapi?" Wangui akauliza.

"Kwa lita tano," akasema Murugi, akarudi kwake kumpa mwanawe maji ya kunawa uso.